Nipe Laiti: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya, Bunge na Seneti

Mheshimiwa Waziri wa Afya, na Waheshimiwa Wabunge na Maseneta wa kamati za afya,

Mimi ni mtu wa duka. Nilifungua duka langu Majengo, Mombasa, mwaka 1993, na hadi leo lipo, ingawa siku hizi anakaa mwanangu na mimi nakaa barazani nikimkosoa. Miaka kumi na moja ya mwanzo niliuza sigara, pakiti kwa wenye nacho, moja moja kwa wengine wote. Barua hii inahusu aina moja ya sigara hizo, zile zilizoandikwa "Lights". Wateja wangu walizitamka kwa Kiswahili chetu: laiti. "Nipe laiti mbili na kibiriti." Nami nikitoa. Wakati huo haikunipitia akilini kwamba neno hilo tunalo tangu zamani, na kwamba sisi tukilisema huwa tunajuta.

Zililetwa na kijana wa mauzo wa kampuni ambayo sitaitaja. Alikuja na gari lililopakwa rangi, akanipa mwavuli, akanipa na saa ya ukutani yenye nembo ya sigara. Alipanda juu ya kreti ya soda akaitundika mwenyewe, juu kidogo ya mizani, ili kila anayetaka kujua saa aione. Sikumbuki hata mara moja akisema sigara hiyo ni salama. Alikuwa mwerevu kuliko hivyo. Alisema ni laini, haikwaruzi koo, ni ya mtu anayetaka kupunguza. Sentensi niliimalizia mimi. Mteja akikohoa mbele yangu nilimwambia, "Hamia laiti wewe, hiyo nyingine itakuua." Nikaona nimefanya hisani.

Kando ya duka alikaa fundi cherehani, mshonaji wa kanzu ambaye foleni yake kabla ya Idi ilifika mlangoni kwangu. Aliniita ami, ingawa umri wetu ulikaribiana. Alikuwa akivuta sigara kali tangu ujanani. Mwaka 1997 daktari alimwambia kifua chake hakimpendezi, aache. Hakupitia nyumbani kwanza. Alikuja dukani na karatasi ya hospitali ingali mkononi, akasema, "Ami, nimeambiwa nipunguze. Nipe ile laiti."

Sasa nitazameni pamoja nami jinsi fundi cherehani anavyovuta. Hana mkono wa kushikia sigara. Mikono yote miwili iko kwenye kitambaa, mmoja unasukuma na mwingine unavuta. Sigara inakaa mdomoni, imezama, midomo imeifumba hadi kichungi kinakaribia kumezwa chote. Moshi unapanda, jicho moja limefinywa, mguu unapiga pedali. Anaweza kumaliza sigara nzima bila kuigusa kwa kidole. Mlikumbuke umbo hilo, maana nitalirudia.

Daftari langu la mkopo ninalo bado. Sigara sikuziandika kwa tarakimu, nilipiga vijiti, kila sigara kijiti kimoja, cha tano nikakikata kwa mshazari. Kabla ya kuhamia laiti, siku ya kawaida ya fundi ina vijiti vinane, tisa. Miezi michache baadaye ni kumi na tatu, kumi na nne. Ramadhani moja, kati ya magharibi na daku, nimehesabu kumi na sita. Nilifurahi. Nilidhani biashara inakua.

Fundi alifariki 2005, kwa kifua. Sisemi laiti ndiyo iliyomuua. Alikwisha vuta miaka mingi kabla yake, na mimi si daktari. Ninachosema ni kwamba mwaka 1997 alikuja dukani kwangu na nia ya kuacha, na mimi nikambadilishia nia ile kwa pakiti.

Mtasema haya ni ya kale. Neno lenyewe halipo tena kwenye pakiti. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2007 inakataza kifungashio chochote kinachomfanya mtu adhani sigara fulani ina madhara madogo kuliko nyingine. Ni kweli. Lakini nimesoma sana tangu nilipoacha kuziuza, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba neno lilikuwa sehemu ndogo kabisa ya ujanja wenyewe. Neno limeondoka, ujanja umebaki dukani.

Ujanja uko kwenye kichungi. Ukibandua ile karatasi inayozunguka kichungi cha sigara "nyepesi" na kuielekeza kwenye taa, utaona mstari wa vitundu vidogo kuliko ncha ya sindano. Kazi yake ni kuingiza hewa ichanganyike na moshi. Tumbaku ya ndani si tofauti kubwa. Kilichoongezwa ni hewa. Kisha sigara hiyo inapelekwa kwenye mashine ya kupimia. Marekani, ambako kipimo hiki kilirasimishwa na tume ya serikali inayosimamia biashara, FTC, mwaka 1967, mashine ilivuta mililita 35 za moshi kwa sekunde 2, mara moja kila dakika, hadi sigara inakaribia kichungi. Mashine inaishika sigara kwa ncha tu, vitundu viko wazi, hewa inaingia, na hesabu ya lami, yaani ule uchafu mweusi wa moshi unaonata, na nikotini inatoka ndogo. Hesabu hiyo ndiyo iliyoipa sigara haki ya kuitwa nyepesi.

Lakini mashine haina arosto. Mtu anavuta sigara kwa sababu mwili wake umeshazoea kiasi fulani cha nikotini, na asipokipata atakitafuta. Ni kama kunywa madafu kwa mrija uliotoboka: unavuta, nusu hewa nusu maji. Mtoto wa miaka minne akipewa mrija huo hahitaji kufundishwa; ataweka kidole kwenye tundu na kuvuta kwa nguvu zaidi. Mvutaji naye hivyo hivyo, bila kujua. Anavuta kwa kina zaidi, mara nyingi zaidi, anashikilia moshi kifuani, anaongeza idadi, na vidole au midomo yake inaziba vitundu ambavyo hata hajui kuwa vipo. Fundi wangu, pale kwenye cherehani, alivifunika vyote. Sigara aliyokuwa akivuta yeye mashine haikupata kuivuta.

Kuna kampuni moja ya Marekani, Brown & Williamson, iliyofika mbali zaidi. Sigara yake iitwayo Barclay ilikuwa na mifereji pembeni ya kichungi badala ya vitundu vya kawaida. Mashine iliisoma kuwa na miligramu 1 tu ya lami. Midomo ya binadamu ikiibana, mifereji inalala, hewa haipiti. Hao FTC wenyewe waligundua mwaka 1983 kwamba kipimo chao hakikuwa kikieleza ukweli kuhusu sigara hiyo, na shauri likafika mahakamani. Ilivyo ajabu ni kwamba baada ya hapo kipimo hicho hicho kiliendelea kutumika kwa sigara zote nyingine kwa miaka 25.

Je, kampuni zilijua? Hili ndilo swali lililoninyima usingizi, kwa sababu mimi sikujua, na nilitaka niamini kwamba hata walioniletea hawakujua. Mwaka 1975 Philip Morris walifanya utafiti wao wa ndani, wakawapa wavutaji wa Marlboro ya kawaida wavute Marlboro Lights. Waliona kwamba watu wale walivuta moshi mwingi zaidi kwa kila mkupuo, na kwamba mwishowe moshi walioingiza haukupungua. Huo ulikuwa mwaka 1975. Sigara yenyewe ilikuwa sokoni tangu miaka michache tu kabla yake. Waliendelea kuiuza kwa jina hilo Marekani hadi 2010.

Matangazo ya wakati ule nayo yanasema mengi. Sigara moja ya kampuni ya Lorillard iliyoitwa True ilitangazwa miaka ya 1970 kwa picha ya mtu mwenye uso wa fikra, akisema kwamba baada ya yote aliyoyasikia aliamua ama aache ama avute True, na sasa anavuta True. Nilipoisoma nilimkumbuka fundi na karatasi yake ya hospitali. Tangazo lile hakuliona kamwe, wala Kiingereza chake hakikufika huko. Lakini wazo lilimfikia likiwa zima, limesafiri bahari nzima, limepitia kwa kijana wa gari la rangi, limepitia kwangu: usiache, hamia.

Na watu walihama. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 zaidi ya asilimia 80 ya sigara zilizouzwa Marekani zilikuwa za lami kidogo kwa hesabu ya mashine. Vifo vya saratani ya mapafu havikufuata hesabu hiyo. Taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani ilitoa kitabu kizima kuhusu jambo hili mwaka 2001, na ikasema haioni ushahidi kwamba mabadiliko ya sigara katika nusu karne yameleta faida kwa afya ya umma. Mwaka 2004 utafiti uliofuatilia karibu watu milioni moja ulichapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza: waliovuta sigara za lami ya wastani, ya chini na ya chini sana walikufa kwa saratani ya mapafu kwa kiwango kile kile. Miaka kumi baadaye ripoti ya tabibu mkuu wa Marekani ikaongeza la kutisha zaidi: muundo wa sigara uliobadilika tangu miaka ya 1950 umeongeza hatari ya aina moja ya saratani, ile inayoota pembezoni mwa mapafu, na vitundu vya kichungi vimo katika yanayoshukiwa, kwa sababu moshi unaovutwa kwa nguvu unafika ndani zaidi.

Waheshimiwa, yote haya yalifika mahakamani. Serikali ya Marekani ilizishtaki kampuni kubwa za sigara mwaka 1999 kwa sheria iliyotungwa kupambana na magenge ya uhalifu. Tarehe 17 Agosti 2006, Jaji Gladys Kessler wa Washington alitoa hukumu ya kurasa zaidi ya 1,600. Aliamua kwamba kampuni ziliudanganya umma kwa miongo kadhaa, na mojawapo ya udanganyifu huo ni huu wa sigara nyepesi: zilijua kwamba mvutaji anafidia, zilizitangaza kama njia ya kupunguza hatari, na lengo lilikuwa kuwazuia watu wasiache. Mahakama ya Rufaa iliikubali hukumu hiyo mwaka 2009, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza tena. Hakuna aliyelipa fidia katika kesi ile. Mahakama ya rufaa ilishaamua mwaka 2005 kwamba sheria iliyotumika haimruhusu jaji kuwanyang'anya faida ya zamani. Jaji alichoweza ni kuamuru maneno "light", "mild" na ndugu zake yasitumike tena, na kampuni zitangaze ukweli kwa fedha zao wenyewe.

Kwenye matangazo hayo ya ukweli ndipo penye shabaha ya barua yangu. Kampuni zilibishania maneno yake kwa miaka kumi na moja, hadi Novemba 2017 yalipoanza kutokea magazetini na kwenye televisheni. Kuanzia Julai 2023 yakatundikwa madukani, maduka yapatayo 220,000, kwenye sehemu ya kuuzia sigara, mbele ya mteja. Muuza duka wa Ohio, mwenzangu, hadi katikati ya 2025 alikuwa na bango ukutani lililomwambia mteja wake kwamba sigara nyepesi haina usalama wowote zaidi ya nyingine. Lililoletwa na kampuni yenyewe, kwa amri.

Mimi sikuletewa. Mteja wangu hakuambiwa. Hukumu ile iliishia mpakani. Kampuni moja ya Uingereza ya kundi la British American Tobacco ilikuwa miongoni mwa washtakiwa, na mwaka 2011 Jaji Kessler huyo huyo akaiondoa kwenye amri zake, kwa sababu Mahakama ya Juu ilikuwa imeshaamua katika kesi nyingine kwamba sheria za Marekani za namna ile hazivuki mipaka. Sina ugomvi na uamuzi huo. Jaji wa Washington si jaji wa Mombasa. Lakini hebu tazameni matokeo yake. Neno lilivuka bahari likaingia Majengo. Vitundu vilivuka. Saa ya ukutani ilivuka. Kilichoshindwa kuvuka ni msamaha tu.

Basi ombi langu la kwanza ni hilo. Mnazo nguvu za kutunga kanuni chini ya Sheria ya 2007. Amrisheni kila kampuni inayouza sigara Kenya iandike na kutundika, kwa gharama yake, kwa Kiswahili kinachosomeka, kila mahali panapouzwa sigara, kwamba hakuna sigara nyepesi na haijawahi kuwapo. Wasiseme "inaweza kudhuru". Waseme kwamba kilichoitwa chepesi kiliwaingizia watu moshi ule ule. Wapo watu wazima hapa mjini, wenye miaka hamsini, sitini, ambao hadi leo wanaamini waliokoa miaka ya maisha yao kwa kuhama kutoka kali kwenda laiti. Nawajua. Niliwahamisha mimi.

La pili linahusu rangi. Marekani walipopiga marufuku neno kwa sheria, kuanzia tarehe 22 Juni 2010, Marlboro Lights haikufa. Ikawa Marlboro Gold. Kabla ya siku hiyo kuwadia kampuni ilibandika kijikaratasi kwenye pakiti kikimwambia mteja kwamba pakiti itabadilika lakini sigara yake ni ile ile, na kuanzia sasa aulizie iliyo kwenye pakiti ya dhahabu. Wakubwa wa FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia tumbaku, waliwaandikia barua kuuliza maana yake nini, lakini maji yalikwisha mwagika. Watafiti walipowauliza wavutaji mwaka mmoja baadaye, zaidi ya tisa katika kila kumi walisema hawapati shida yoyote kuitambua sigara yao.

Mwanangu hauzi sigara, lakini kibanda cha jirani kinauza, nami hukaa hapo jioni. Sijasikia mtu akisema laiti kwa miaka mingi. Nasikia, "Nipe ile ya bluu." "Nipe ile nyeupe, hii nyekundu kali." Juzi kijana mmoja mwenye mafua aliomba ya mint, akaeleza bila kuulizwa kwamba inafungua kifua. Inafungua kifua! Nilitaka kucheka, nikakumbuka maneno yangu mwenyewe ya 1997, kicheko kikakauka. Mint inapoza koo, na koo lililopozwa halilalamiki. Ndiyo kazi ile ile ya vitundu kwa mlango mwingine. Siku hizi kuna na zile zenye kidonge ndani ya kichungi, unakibana kwa vidole, kinatoa sauti ndogo, ladha inageuka. Kijana anakibana kwa fahari kama anayewasha simu mpya.

Uruguay walilitatua hili la rangi kwa sentensi moja. Mwaka 2009 walianza kutumia kanuni kwamba kila jina la sigara liwe na sura moja tu sokoni. Hakuna ya bluu na nyekundu na dhahabu chini ya jina moja; chagua moja, nyingine ziondoe. Rais wao wakati huo, Tabaré Vázquez, alikuwa daktari wa saratani, pengine ndiyo maana hakudanganyika na rangi. Philip Morris waliipeleka nchi hiyo ndogo kwenye baraza la usuluhishi wa uwekezaji mwaka 2010, wakidai fidia. Mwezi Julai 2016 walishindwa, wakaamriwa kuilipa Uruguay dola milioni 7 za gharama za kesi. Nataja hili kwa sababu najua mtakapoanza, barua za mawakili zitafika kabla ya wino kukauka. Nanyi si wageni wa barua hizo: kanuni zenu za tumbaku za 2014 zilipingwa na BAT Kenya, ya kundi lile lile la British American Tobacco, kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Juu, na Novemba 2019 Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa hiyo. Picha za maonyo ziko kwenye pakiti leo. Mlishinda. Kwa nini mwogope rangi?

La tatu ndilo ninaloliona kubwa, na ni onyo kwenu ninyi binafsi kuliko kwa kampuni. Mwaka 2003 jaji mmoja wa jimbo la Illinois aliamuru Philip Morris walipe dola bilioni 10.1 katika kesi ya wavutaji wa jimbo hilo waliouziwa Lights kwa uongo. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya jimbo iliifuta hukumu yote. Sababu? Ilisema FTC ilikuwa imeyaruhusu maneno hayo. Yaani kipimo kibovu cha serikali, kilichowekwa kwa nia njema ili kumsaidia mnunuzi, kikageuka ngao ya aliyemdanganya mnunuzi. Ilibidi kusubiri hadi tarehe 15 Desemba 2008, katika kesi ya wavutaji wa jimbo la Maine dhidi ya Altria, kampuni mama ya Philip Morris ya Marekani, ndipo Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema kwamba onyo la serikali kwenye pakiti halimzuii mvutaji kushtaki kwa kulaghaiwa, na kwamba FTC haikuwa imewapa kampuni kibali hicho. Majuma machache kabla ya hapo FTC yenyewe ilikuwa imejitoa kwenye kipimo chake cha 1967. Miaka 41.

Kwa hiyo mnapopelekewa mezani bidhaa mpya, na zinapelekwa, muwe waangalifu na mnachokipigia muhuri. Nimeona vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo vikiuzwa kwenye vibanda karibu na vyuo, kwenye vikopo vizuri vyenye rangi za peremende, na kwenye kikopo pana vitone vinavyoonyesha nguvu: viwili, vitatu, vinne. Wauzaji wanasema hivi havina moshi. Kweli, moshi hamna, na anayeacha sigara kabisa akahamia huko huenda kapunguza madhara. Sitabisha kwa kisichokuwa elimu yangu. Lakini nimeona pia wasiowahi kuvuta wakianzia hapo, na wanaovuta wakiongeza juu yake. Muswada wa marekebisho ya sheria ya tumbaku wa 2024, uliofikishwa Seneti, unagusa bidhaa hizi. Nawasihi muuandike mkijua historia ya laiti. Kampuni ikija na namba, ulizeni namba hiyo imepimwa na mashine au na kifua cha mtu. Ikija na neno "punguza", mdai uthibitisho kutoka kwa watu ambao mshahara wao hautoki kwake. Na vitone vile vya nguvu mviangalie vizuri. Vitone viwili ni laiti kwa jina jingine.

Najua mtaambiwa habari za wakulima wa Migori na Kuria na Bungoma. Siwadharau, mtu anayekausha majani usiku kucha kwa kuni alizozinunua kwa deni hana hatia ya vitundu vya kichungi. Lakini rangi ya pakiti haimlipi yeye. Na Migori huko huko kuna wakulima ambao tangu 2022 wamesaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa kuhamia maharagwe yenye madini ya chuma. Wao wamehama kweli.

Mtaambiwa pia kwamba mtu mzima anajichagulia. Hili liliwahi kunifariji. Lakini kuchagua kunahitaji uwe na vitu viwili tofauti mbele yako, na mimi nilimwekea fundi kimoja, nikakiita viwili.

Kama kamati zenu zitaita wananchi kutoa maoni, niko tayari kuja Nairobi kwa nauli yangu. Nitakuja na daftari. Liko kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya unyevu wa huku kwetu, kurasa zimegeuka rangi ya chai, lakini vijiti vinahesabika. Karani anaweza kuvihesabu mwenyewe.

Na bango la kwanza, mkilikubali, mniletee mimi. Najua mwanangu hauzi sigara na sheria haitamlazimu, lakini nimeshazungumza naye, na ukuta tumeupima jana: futi mbili kwa moja na nusu, juu kidogo ya mizani. Msumari wa ile saa bado upo.

Wenu,
Muuza duka mstaafu, Majengo, Mombasa